Kuwa wa madhehebu mawili ya Kiyahudi ndani ya nyumba moja ya jumuiya: inawezekana, au ni kujidanganya?

Mleta mada
Wadau, swali ni hili. Kuna nyumba za jumuiya ambazo Wayahudi wa Kiothodoksi, Wahafidhina na Wanamageuzi wanazitumia pamoja. Mfano ni nyumba za wanafunzi za Hillel katika vyuo vya Marekani, ambazo zilianzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923. Uingereza kuna mikutano ya mafunzo ya Limmud tangu 1980, na katika miji midogo kuna sinagogi ambako Wayahudi wa mji mzima hawajazi hata chumba kimoja. Humo wamo watu wanaolipa ada sehemu mbili: Jumamosi wanasali na Waothodoksi, watoto wao wanafundishwa dini na Wanamageuzi. Mtu huyo ni wa kwao kote kuwili, au ni mgeni kote kuwili?

Kwa asiyefahamu: Waothodoksi wanaishika halakha, yaani sheria ya dini, kama agizo la Mungu lisilopinda kwa matakwa ya zama. Wahafidhina nao wanaishika, ila kamati yao ya marabi huweza kuifasiri upya. Wanamageuzi humwachia mtu aamue kwa elimu na dhamiri yake. Utafiti wa Pew wa 2020 ulikuta kwamba kati ya Wayahudi watu wazima wa Marekani, 37% ni Wanamageuzi, 17% Wahafidhina, 9% Waothodoksi, na 32% hawajifungi na dhehebu lolote. Hao wa mwisho ndio wanaonifanya niulize.

Msimamo wangu ni kwamba inawezekana, mradi jiko lifuate kanuni ya aliye mkali kuliko wote, na kila kundi lisali chumbani kwake.

Mlinda Mpaka
Ndugu mleta mada, mshika mbili moja humponyoka. Unazungumzia jiko na vyumba kana kwamba hiyo ndiyo dini. Muulize Mwothodoksi Myahudi ni nani. Atakujibu: aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeongoka mbele ya baraza la watu watatu wanaoishika halakha, akatahiriwa kama ni mwanamume, akazama katika maji ya mikve, yaani bwawa la utakaso. Mwaka 1983 marabi wa Mageuzi wa Marekani waliamua kwamba mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi naye ahesabiwe, akilelewa Kiyahudi. Wahafidhina walikataa. Kwa hiyo kijana mmoja, jioni moja, chumba cha kwanza anahesabiwa miongoni mwa watu kumi wanaohitajika ili sala ya pamoja ifanyike, akivuka korido hahesabiwi. Ada zake mbili hazimsaidii lolote hapo.

Na jambo hili si geni. Mwaka 1956 wakuu 11 wa vyuo vya Kiothodoksi Marekani walitoa tamko la kukataza marabi wao kukaa kwenye mabaraza pamoja na marabi wa madhehebu mengine. Hoja yao ilikuwa kwamba kukaa meza moja kama wawakilishi wa dini ni kukiri kuwa njia zote ni sawa. Wako Waothodoksi waliobaki katika baraza moja kubwa, Synagogue Council of America, hadi lilipovunjwa mwaka 1994, kwa hiyo nakubali hawakuwa kauli moja. Lakini hoja ile haijajibiwa.

Jiko la Tatu
Mkuu Mlinda Mpaka, tutarudi huko. Kwanza mleta mada asilichukulie jiko kama jambo rahisi, kwa sababu nyumba nyingi za pamoja hugombana pale kabla hazijafika kwenye sala.

Kwa kosha, yaani sheria ya chakula halali kwa Wayahudi, nyama na maziwa havichanganywi: kila kimoja kina sufuria zake, visu vyake, sinki lake. Watu huweka alama za rangi, kawaida nyekundu kwa nyama na buluu kwa maziwa, na seti ya tatu kwa vyakula visivyo upande wowote. Hilo Wahafidhina na Waothodoksi wanakubaliana. Tofauti zinaanza mahali ambapo mgeni hawezi kuziona:

Jibini. Wahafidhina wengi wanakula jibini ya dukani ya kawaida. Mwothodoksi anataka iliyotengenezwa chini ya uangalizi wa Myahudi.

Samaki. Kuna yule mwenye mdomo kama upanga, ambaye magamba yake, alama ya samaki wa kosha, hupotea akikua. Wahafidhina wamemruhusu, Waothodoksi hapana.

Moto. Mpishi akiwa si Myahudi, kwa Waashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, inatosha Myahudi awashe jiko asubuhi. Wasefardi, wenye asili ya Hispania, wanataka Myahudi aweke chungu motoni kwa mkono wake. Kwa hiyo hata Waothodoksi wawili hawali chungu kimoja mpaka muulizane. Suluhisho ni msimamizi wa kosha afanye yote mawili kila siku, na jiko lifungwe asipokuwepo. Ufunguo ukiwa na watu watano, msimamizi hawezi tena kukuhakikishia kilichopikwa humo.

Sasa kinachoharibu kweli. Nguruwe hakuna anayeleta. Kinacholetwa ni keki. Mama ameoka nyumbani kwa moyo wote, ameifunga kwa kitambaa, amefika nayo mlangoni Ijumaa saa 11 jioni, na wewe ndiye wa kumwambia haiingii. Wengine wametatua kwa meza mbili. Meza ya kwanza ina vyakula vyenye muhuri wa kosha tu, vikiwa vimefungwa mpaka vifike pale. Meza ya pili ina vya nyumbani, visivyo na nyama wala samaki wa shaka. Sahani ni za kutupa, na kila bakuli lina kijiko chake. Kijiko cha meza ya pili kikitumbukia kwenye bakuli la meza ya kwanza, bakuli lote linahamia ya pili, bila kumtafuta aliyekosea. Keki ya yule mama inapata mahali, na mkali naye anakula.

Binti Safu ya Mbele
Asante Jiko la Tatu, meza mbili naziunga mkono. Ninachokipinga ni ile kanuni ya mleta mada, "aliye mkali afuatwe". Jikoni sawa, kwa sababu anayekula vyote hapotezi kitu akila cha kosha. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo haiishii jikoni. Inatambaa hadi ukumbini: kipaza sauti kisitumike siku ya Sabato, piano isipigwe, picha zisipigwe, mwanamke asisome Torati mbele ya mchanganyiko wa watu. Baada ya miaka mitatu nyumba ya wote imekuwa sinagogi ya Kiothodoksi inayolipiwa na Wanamageuzi. Bibi mwenye umri wa miaka 80 asiyesikia vizuri, aliyezoea kipaza sauti maisha yake yote, ameketi pale anatazama midomo ikicheza.

Wanamageuzi walimpa mwanamke urabi mwaka 1972, Wahafidhina 1985. Huwezi kumwambia rabi huyo kwamba "kwa ajili ya umoja" leo akae kimya. Huyo hajaombwa uvumilivu wa kawaida, ameombwa aiache imani yake mlangoni.

Kuna waliojaribu viti vya sehemu tatu: wanaume upande huu, wanawake upande ule, waliochanganyika katikati. Linaonekana zuri kwenye karatasi. Lakini sheria ya Waothodoksi si ya viti tu. Wanataka kizuizi, na kwa kauli ya Rabi Moshe Feinstein, mwamuzi mkubwa wa halakha wa Kiothodoksi Marekani, kifike mabegani, kama sentimita 150. Tena wanauliza anayeongoza sala ni nani, na anasoma kitabu kipi. Sala ya Musafu, yaani ile ya ziada ya siku ya Sabato, Wanamageuzi kwa kawaida hawaisali, Wahafidhina wengi wamebadilisha maneno yake kuhusu dhabihu, Waothodoksi wanaisali kama ilivyo. Ukifika hapo, viti havisaidii. Vyumba vitengane, na chenye piano kiwe mwisho kabisa wa jengo, maana sauti haijui mipaka ya ukuta.

Saa Kumi na Mbili Asubuhi
Niongeze mambo mawili ambayo nyumba za pamoja husahau, yaani saa na hesabu.

Saa. Waothodoksi wanafuata jua. London mwezi Desemba linazama kabla ya saa 10 jioni, Juni baada ya saa 3 usiku. Wanamageuzi wengi wanapenda saa ile ile isiyobadilika mwaka mzima. Mkisema chakula cha Ijumaa ni saa 1 na nusu usiku, wakati wa baridi Waothodoksi watakuwa wamemaliza sala zamani na wana njaa; wakati wa joto hawajaanza. Kiangazi sheria inawaruhusu kuipokea Sabato mapema, kuanzia kama saa moja na robo kabla ya jua kuzama, ikihesabiwa kwa saa za msimu, yaani mchana wote ukigawanywa sehemu 12. Kwa Juni bado hiyo inakufikisha baada ya saa 1 na nusu usiku. Kwa hiyo ratiba ipangwe kwa mwezi, ibandikwe mlangoni, wala isiachwe kwa mazoea.

Hesabu. Alhamisi asubuhi wamefika wanaume saba na wanawake watatu, na mmoja wao amefiwa na baba, anataka kusema Kadishi, sala ya mfiwa. Wahafidhina tangu 1973 wamekubali kuhesabu wanawake, Wanamageuzi kabla yao. Kwao kumi wametimia. Kwa Mwothodoksi wako saba: hakuna Kadishi, hakuna kufungua gombo la Torati, kila mtu anasali peke yake. Kosa linalorudiwa ni kiongozi kuanza akitumaini wa kumi "anaegesha gari". Hafiki, na mfiwa amebaki na neno kinywani.

Jerusalem ipo sinagogi, Shira Hadasha, inayosubiri wanaume kumi na wanawake kumi. Ni heshima kubwa, lakini asubuhi ya siku ya kazi katika mji mdogo watu 20 utawatoa wapi? Kinachofanya kazi ni orodha mbili za simu, watu wanaulizwa usiku uliotangulia, na mfiwa anaambiwa mapema ni chumba kipi kitakuwa na watu wake.

Mteremko wa Elgon
Mnajadili London na Marekani, na jirani yetu Uganda ana jambo hili hili. Abayudaya wa eneo la Mbale wanafuata njia aliyoianzisha Semei Kakungulu mwaka 1919. Mwaka 2002 baraza la marabi wa Kihafidhina liliwaongoa mamia yao, na Gershom Sizomu akapata urabi Los Angeles mwaka 2008. Lakini kijiji cha Putti kikashika njia ya Kiothodoksi. Hawa ni ndugu, wana wajomba na mashangazi pande zote mbili. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli nayo imewahi kumkatalia Mwabayudaya aliyeongolewa na Wahafidhina asipate haki ya kuhamia. Kwao dhehebu ni muhuri wa mlango, si suala la piano.

Njia iliyopo kwa anayetaka kukubalika kote ni kuongoka mara ya pili "ili kuondoa shaka": anazama tena mikve mbele ya baraza la Kiothodoksi, na baraka haisomwi, kwa sababu huenda ile ya kwanza ilishatosha. Kutosomwa kwa baraka ndiko kunakompa heshima yake.

Mlinda Mpaka
Hilo la baraka umelisema vizuri kuliko nilivyotarajia. Ila baraza litamuuliza kama atashika Sabato yote na kosha yote. Akijibu ndiyo kwa moyo, yeye sasa ni Mwothodoksi. Lile dhehebu la pili limeponyoka, kama nilivyosema.

Mleta mada
Nakubali, mkuu, kwamba nilichanganya makazi na hadhi. Na kwa Binti nafuta neno langu: mkali afuatwe jikoni na kwenye ukumbi wa chakula tu. Lakini tusifikie hatua ya fomu ya uanachama inayouliza "mama yako ni nani" pale mapokezi. Kila chumba kina mtu wake anayeita watu kusoma Torati. Huyo ndiye ajue, tena ya chumba chake tu.

Binti Safu ya Mbele
Na mtoto? Anayesoma na Wanamageuzi kisha akataka kusoma Torati chumba cha Waothodoksi akitimiza miaka 13, umri wa kuhesabiwa mtu mzima katika dini?

Mlinda Mpaka
Wazazi waambiwe akiwa na miaka 10, wakati bado kuna nafasi ya kuuliza baraza na kuamua nyumbani. Siyo wiki ya mwisho, wageni wameshaalikwa na suti imeshashonwa. Na anayewaambia awe rabi wa chumba chenyewe, uso kwa uso, si karani kwa barua.