Mjadala: .300 Holland, bunduki ya kazi au ya makumbusho?

Mfuata Nyayo, Kiruhura

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za huko. Naleta ugomvi ulioanzia kwenye moto wa kambi na haujaisha.

Nafanya kazi ya kufuata nyayo kwenye maeneo ya uwindaji wa kitalii jirani na hifadhi ya Mburo. Majuzi tulipata mgeni, mzee wa miaka sabini na kitu, na bunduki yake kitako kimekwanguka kama mpini wa jembe. Kaliba, yaani kipimo cha upana wa risasi: .300 Holland & Holland Magnum. Mwenzangu akaninong'oneza, "Huyu kaja na makumbusho." Jioni akatoa hoja yake wazi: Uganda ingetoa orodha fupi ya kaliba za kuwindia, 30-06, .300 Winchester na .375, basi. Hizi za mababu zibaki kabatini kwa wenyewe.

Mimi nilikataa, na bado nakataa. Hiyo risasi ilitoka kwa mafundi bunduki Holland wa London mwaka 1925. Walichukua ganda la .375 yao ya 1912, wakalibana shingo hadi likashika kichwa cha kaliba .30. Likabaki refu, milimita 72, na mteremko wake wa polepole, bega hulioni vizuri. Haikuwa urembo. Baruti ya Waingereza wakati ule ilikuwa kordaiti, vijiti virefu kama tambi, na kwenye joto la nchi hizi presha yake hupanda. Ganda lenye nafasi na mteremko vile haling'ang'anii chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Ukivuta komeo, linatoka. Na kuingia je? Linateleza kama tonge lenye mlenda.

Niliona kwa macho. Punda milia dume, hatua kama mia na hamsini. Mzee akapiga moja, na kabla mwangwi haujaturudia komeo lilikuwa limeshafunga la pili. Hakulihitaji. Mwezi huohuo mgeni mwingine, na bunduki mpya kabisa yenye darubini kubwa kama chupa ya maji, alikwamisha ya pili mbele ya swala pala. Swala akatutazama, akaenda zake.

Nani atakayenishawishi kwamba ya kupigwa marufuku ni ile ya mzee?

Kijana wa Wandegeya

Nimetafuta. Kichwa cha gramu 11.7: Holland inatoka mita 878 kwa sekunde, Winchester 902. Yaani watu wazima mnalala macho kwa ajili ya mita 24?

Afande Mstaafu, Arua

Kijana, katika hizo mita 24 swala hajui tofauti, na wewe bega lako pia halijui. Hapo umesema kweli bila kukusudia.

Lakini Mfuata Nyayo, mwanangu, unapenda bunduki kwa sababu mwenyewe alikuwa fundi wa kupiga. Mzee yule ungempa 30-06 angeua punda milia yuleyule. Sisi jeshini tuliona hivyo kila siku: SMG moja, yaani AK-47, mikono miwili, matokeo mawili.

Na kama ni sifa za zamani, tuseme zote. Huyo Bell, mwindaji wa Kizungu waliyembandika jina la Karamoja, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi kwa .275, kaliba ndogo kuliko hiyo yako ya Holland. Alijua ubongo uko wapi, akangoja, akapiga. Hakuhitaji magnamu, risasi ya baruti nyingi. Akafika hadi huku kwetu. West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, eneo la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na alipokufa Desemba 1909 walanguzi wa pembe waliingia kama nzige, kabla mpaka haujachorwa upya na sisi kuingizwa Uganda mwaka 1914. Babu zetu walibeba zile pembe kichwani. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasifu bunduki ya enzi zile, sikio moja linasikia mtutu, lingine linasikia mizigo.

Swali langu ni la kazi: hizo risasi za Holland mtu akiishiwa Kiruhura, anazipata wapi?

Mfuata Nyayo, Kiruhura

Afande, hapo umenishika. Hazipatikani. Kuna mgeni sanduku lake la risasi lilibaki njiani kwenye ndege, na unajua abiria haruhusiwi zaidi ya kilo tano. Alikaa siku tatu anakunywa chai na kuhesabu ng'ombe wa watu. Mwenye 30-06 angeazimwa risasi. Hilo nalikubali. Ila ni hasara ya mgeni mwenyewe, haijawa sababu ya sheria.

Fundi, Jinja

Mnaruka jambo lenyewe. Angalieni kitako cha lile ganda: kuna mkanda. Watu hudhani mkanda ndio unaoifanya iwe magnamu, kama vyeo begani. Hapana. Kwa sababu bega la Holland ni mteremko, haliwezi kuzuia ganda lisizame chemba, mkanda ndio unaozuia. Mwaka 1963 Winchester walipotoa .300 yao walifupisha ganda hadi karibu milimita 67 na kulipa bega kali. Mkanda haukuwa na kazi tena, wakauacha palepale. Unauza.

Huko kufupisha ndiko kulikoiua Holland. Si nguvu. Holland inataka bunduki yenye komeo refu, na komeo refu ni chuma zaidi na pesa zaidi. Ya Winchester inaingia kwenye bunduki ya urefu uleule wa 30-06. Wamarekani walikuwa wameipenda sana Holland, hasa baada ya Ben Comfort kushinda nayo kombe la Wimbledon, la bunduki si la tenisi, mwaka 1935 kwa shabaha ya yadi elfu moja, na Winchester wenyewe waliitia kwenye bunduki yao ya Model 70. Kisha wakaiacha kama mtu anavyoacha baiskeli nzuri akinunua bodaboda.

Kasoro yake pia ipo. Anayejaza maganda upya asipokuwa makini, ganda hunyooka mbele ya mkanda kila linapopigwa, mwisho linakatika hapohapo. Mzee wako mwulize kama hupapasa ndani ya ganda kwa waya uliopindwa ncha, akitafuta palipoanza kukatika. Kama hupapasa, huyo anajua chombo chake.

Mama Shamba, Rubirizi

Wanangu, nimesoma yote na chai imepoa. Mnaongea mikanda na mabega. Sisi tunaopakana na hifadhi ya Queen Elizabeth tunalala kwenye vibanda tunapiga madebe, tembo hawaogopi tena madebe. Mtaro ulichimbwa, wakaubomoa kingo wakapita. Migomba ya mwaka mzima inaisha usiku mmoja. Sheria ya wanyamapori ya 2019 imeandika fidia, vizuri. Mimi nauliza: askari wa wanyama anakuja na SMG. Akilazimika kumpiga nyati aliyejeruhi mtu, ile inatosha?

Afande Mstaafu, Arua

Mama, haitoshi. Sitakudanganya. Risasi ya SMG mdomoni mwa mtutu ina nguvu ya jouli kama elfu mbili. .300 Holland elfu nne na nusu. .375 inakaribia elfu sita. Nyati akipigwa na ya kwanza mara nyingi hafi, anakasirika na kuingia kichakani, na atakayekutana naye kesho yake ni mtoto aliyetumwa kuni. Silaha ile ni ya kupambana na majangili wenye silaha, na kwa hilo inafaa.

Mfuata Nyayo, Kiruhura

Mama, shikamoo, na pole. Nakiri nilianza na mapenzi.

Basi niseme msimamo upya. Kwa nyati, hiyo Holland yangu isiruhusiwe hata ikipigwa na malaika. Tanzania wanataka .375 kwenda juu kwa wanyama hatari, nasi tungefanya hivyo. Kwa swala pala, mbawala, ngiri, punda milia, mgeni alete kaliba anayotaka, hata ya mwaka 1925. Ila kabla ya kuingia porini apige tatu kwenye karatasi, mita mia, sisi tukiangalia. Zikitawanyika zaidi ya kiganja, arudi akanywe chai, awe na bunduki ya mababu au ya wiki iliyopita. Mwenzangu nimemwambia hivyo asubuhi, amesema orodha ni rahisi kusimamia kuliko karatasi. Labda.

Mama Shamba, Rubirizi

Marahaba, mwanangu. Hiyo karatasi yako ni nzuri. Na hao askari wetu wapigishwe pia.

Fundi, Jinja

Mzee alipapasa au hakupapasa?

Mfuata Nyayo, Kiruhura

Alipapasa, Fundi. Kila ganda, mbele ya moto, miwani imeshuka puani. Nilidhani anatoa uchafu.