Naomba ushauri: nimwanzishie wapi mdogo wangu mieleka ya Japani?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kakulia mieleka ya Marekani, ile ya kutambiana kwanza ndipo ngumi zifuate. Juzi nikamwekea wanamieleka Kazuchika Okada na Kenny Omega, uwanja wa Tokyo Dome, tarehe 4 Januari 2017. Pambano la zaidi ya dakika 46. Dakika ya 15 jamaa yuko kwenye simu! "Mbona wanashikana tu?"

Kwangu mimi utamu ndio huo. Okada akishakukamata kifundo cha mkono hakuachii: anakuvuta, anakupiga mkono shingoni, ukiinuka anakuvuta tena. Na Omega usiku ule hakufanikiwa hata mara moja kumalizia na lile pigo lake la kumbeba mtu mabegani. Waliporudiana Osaka mwezi Juni akalipata, Okada akaponea mguu kugusa kamba ya ulingo (ukigusa kamba, hesabu ya kukushinda inakatizwa). Dakika 60 zikaisha, sare. Sasa asiyeona la kwanza atauelewaje ule mguu?

Nimkalishe tena aangalie la kwanza, au nimrukishe hadi Juni 2018, Omega anapochukua mkanda wa ubingwa? Kuna wanaosema nianze na wale wa uzito mdogo, wanaoruka sana. Naogopa akizoea sarakasi, haya ya taratibu ndiyo basi tena.