Ukoma: jibu la kipande cha ngozi linapopingana na uchunguzi wa tabibu

Tabibu, kituo cha afya, Lindi:
Wenzangu, nawasalimu. Nina mgonjwa mtu mzima mwenye mabaka saba yaliyopauka mgongoni na mikononi. Matatu yana ganzi kabisa nikiyagusa kwa pamba, na mshipa wa fahamu wa kiwiko cha kulia umenenepa, huku kidole chake cha mwisho kikiwa hakihisi kitu. Nilimwanzishia dawa mseto za ukoma wa vimelea vingi. Sasa majibu ya kipande cha ngozi nilichokata na kupeleka maabara yamerudi yakisema kuna mabadiliko yasiyo na sifa mahsusi, na vimelea havikuonekana. Je, nisimamishe dawa?

Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya:
Usisimamishe, ndugu yangu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, dalili kuu moja inatosha kuthibitisha ukoma: baka lenye ganzi ya hakika, mshipa wa fahamu ulionenepa pamoja na kupotea kwa hisia au nguvu, au vimelea kuonekana katika kipimo cha ngozi. Wewe unazo mbili. Mabaka yakizidi matano, huhesabiwa kuwa ukoma wa vimelea vingi, na matibabu ni miezi 12 ya rifampisini, dapsoni na klofazimini. Hata hivyo mkono wa tabibu anayepima ganzi nao hudanganywa, hasa kwa baka la usoni, ambako hisia hubaki muda mrefu, na kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza anachohisi. Niliwahi kumtibu mtoto fangasi kwa miezi mingi kwa sababu nilidhani anahisi pamba, na bado inaniuma. Hapo ndipo ningeomba kipande cha ngozi bila kusita.

Mtaalamu wa maabara ya patholojia:
Nakubaliana na Mratibu, ila naomba jibu letu lisichukuliwe kuwa limekataa ukoma. Katika aina zinazokaribia kifua kikuu kwa sura yake chini ya darubini, vimelea huwa haba mno, na kinachothibitisha ugonjwa ni vinundu vya chembe za kinga vinavyoula mshipa wa fahamu. Kipande kisipoubeba mshipa huo, hatuna cha kuonyesha. Tena vimelea hivi hupoteza rangi kwa urahisi katika njia ya kawaida ya kuvitia rangi, ya Ziehl-Neelsen, kwa hiyo ni vyema kuomba njia ya Fite, isiyoviondolea rangi kirahisi. Mgawanyo wa aina za ukoma wa Ridley na Jopling wa mwaka 1966 hupima kinga ya mgonjwa, ilhali kuhesabu mabaka huamua urefu wa dawa, hivyo majina ya aina ya ukoma tunayotoa kwa njia hizo mbili yanaweza kutofautiana bila mmoja wetu kukosea. Je, kilikatwa wapi, na kwa kina gani?

Tabibu, Lindi:
Kilikatwa katikati ya baka, juujuu, na kwenye fomu niliandika neno moja tu, «mabaka».

Mtaalamu wa maabara ya patholojia:
Basi ukikirudia, kata ukingoni mwa baka lililo hai, ufike kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, na utuandikie habari za ganzi na za mshipa. Dawa ziendelee wakati huohuo, kwa maana mkono wake hautasubiri darubini yetu.