Tupeane uzoefu: uliyetoka kucheza ukaingia kufundisha, siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote?

Mzawa wa Makole: Wakuu, Mecky Maxime alipokuja kuinoa Dodoma Jiji mwaka 2024, mzee wangu alisema, "Huyu alikuwa nahodha wa Taifa Stars, anajua mchezaji anawaza nini." Nami nafundisha madaraja ya chini hapa mjini. Kujua anachowaza ndiko kunakouma. Semeni yenu.

Beki wa Chang'ombe: Goti lilipogoma nikakabidhiwa filimbi na koni, timu ileile niliyochezea. Nahodha alikuwa rafiki yangu, tumekula sahani moja kambini, ndiye aliyenitoa Mpwapwa. Mechi ya mwisho, Uwanja wa Jamhuri, tusiposhinda tunashuka daraja. Miguu yake ilishakwisha, wote tunaona, hakuna anayesema. Nikaandika kikosi bila jina lake. Asubuhi kiongozi anapiga simu: mpange, ana watu wake. Nikakataa. Jamaa alisoma kikosi, akamvalisha kitambaa kijana aliyechukua namba yake, akapanda jukwaani kukaa na mama yake, aliyekuja kumwona akicheza. Tukashinda bao moja. Watu wanarukaruka, mimi namtafuta kwa macho. Alikuwa ameshaondoka.

Kipa wa Kizota: Umenigusa, kaka. Yamenikuta hayohayo.

Mwalimu wa Nkuhungu: Pole, ila mnapewa timu hata njumu hazijakauka. Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, D, C, B, A, hazikuwekwa bure. Mtu asome kwanza.

Mzawa wa Makole: Darasa gani linafundisha kumweka nje rafiki? Kocha Juma Mgunda alicheza Coastal Union iliyochukua ubingwa 1988, akaja kuifundisha, na 2022 Simba wakampa timu.

Mwalimu wa Nkuhungu: Na Mgunda kasoma! Usimtumie kutetea wasiosoma.

Dada wa Area C: Acheni leseni zenu. Huyo nahodha yuko wapi?

Beki wa Chang'ombe: Ananunua mahindi Kibaigwa, sokoni. Tukikutana tunasalimiana. Mpira hatuutaji.

Kipa wa Kizota: Mfuate, mpe umeneja wa timu. Charles Mkwasa alicheza Yanga, akakaa benchi lao kama kocha, 2017 akawa katibu mkuu wa klabu. Mpira una kazi nyingi.

Mwalimu wa Nkuhungu: Asiende na kazi mkononi, ataona anahurumiwa. Amwache na biashara yake.

Dada wa Area C: Mama yake bado yupo? Anzia kwa mama, tena nenda na kilo ya sukari.

Beki wa Chang'ombe: Yupo, dada. Jumamosi naenda.