Vidole vyetu vya Huduma Namba viko wapi? Nani anavyo?

Jamani watu wa Lamu na pwani yote, mimi nimechoka. 2019 tulipangwa foleni juani, tukatishiwa ukikosa Huduma Namba (ile nambari moja ya utambulisho ya serikali ya Kenya) hupati huduma, tukajaza fomu ndefu mpaka wanauliza una shamba una mifugo (mifugo gani na mimi naishi mtaa wa Langoni mjini Lamu, njia yenyewe punda wawili hawapishani), tukatoa alama za vidole vyote na picha ya uso. Haya, kisha? Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kuchukua DNA (vinasaba) na GPS (mahali hasa unapokaa) kutoke na ziwekwe kanuni kwanza, Oktoba 2021 ikasema tena kutoa zile kadi ni batili maana serikali haikufanya tathmini ya athari kwa data za watu inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tukashangilia. Lakini vidole vyangu vimefutwa ama viko kwa nani? Hata meseji moja sijapata.

Sasa wamekuja na Maisha Namba, nambari unapewa ukizaliwa unakufa nayo, kesi zimeenda, imesimamishwa, imeachiliwa, na kadi yenyewe ya chipu baada ya miaka 10 muda wake umekwisha unaanza upya. Na vidole wanataka tena. Vile vya kwanza vilioza?

Juzi nimempeleka ami yangu kujiandikisha, mvuvi tangu ujana wake, vidole vimelika kwa mshipi na kamba. Mashine ikakataa. Kijana akampangusa kwa kitambaa, akampaka mafuta, akambonyeza kidole mpaka mzee wa watu akakunja uso, wapi, taa nyekundu tu. Ati "mzee rudi siku nyengine". Na wakati wote huo karani anamuuliza jina la baba, jina la babu, nambari ya simu, kazaliwa wapi, kwa sauti kama yuko mnadani kwa samaki, foleni nzima inasikiliza. Fomu za watu wengine ziko mezani zimewekewa jiwe zisipeperushwe na upepo, anaepita anasoma. Halafu naambiwa data iko salama!!

Na msije na maneno ya "si usijiandikishe basi". Barabara ya Garsen kuja Mokowe unashushwa basini kitambulisho mkononi, ukikosa unawekwa kando wenzako wanaondoka. Sisi huku hatuna hiyo hiari. Na wale wa "kama huna cha kuficha waogopa nini", mpeni karani simu zenu asome meseji mbele ya foleni, kisha tuongee.

Sheria hiyo hiyo ya 2019 inanipa haki kuuliza mna nini changu na kutaka kifutwe. Nimeandika barua, ofisi ikanituma kwa nyengine, ile nyengine nayo wananiangalia tu. Kuna yeyote hapa amewahi kujibiwa kwa maandishi kuhusu zile data za 2019? Aiweke hapa tuione, ila afiche jina na nambari zake kwanza.