Samaki wa baharini waliovuliwa: je, naweza kuwafuga kihalali nyumbani Lubumbashi?

Mukalay wa Katuba anauliza:

Wapendwa, hamjambo. Ninaishi Lubumbashi, Katuba, na nimezoea kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika katika tangi la kioo la lita 300 lililo sebuleni. Binamu yangu ni dereva wa lori katika njia ya Dar es Salaam hadi Kasumbalesa. Ameniambia kwamba wavuvi anaofahamiana nao Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, wako tayari kumkamatia vitatange, kangaja na wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaoishi ndani ya anemoni, na kwamba angeweza kuniletea katika bidoni nyuma ya kiti chake, pamoja na mawe machache ya baharini ya kupambia. Binti yangu ameongeza ombi lake: anataka farasi wa baharini.

Mimi sitaki kitu cha magendo nyumbani kwangu. Naomba kujua kama sheria inamruhusu mtu binafsi, asiye mfanyabiashara wala mtafiti, kufuga samaki aliyevuliwa baharini; na kama inaruhusu, ni karatasi gani zinazotakiwa, na ni nani anayezitoa upande wa Tanzania na upande wetu wa Kongo. Nimeuliza watu wawili sokoni, mmoja akaniambia samaki ni samaki, mwingine akaniambia nitafungwa. Nategemea hapa nitapata jibu lenye msingi.

Bi Mwanapwani, Dar es Salaam, anajibu:

Papa Mukalay, umefanya vema kuuliza kabla samaki hajatoka majini, kwa sababu hapo ndipo uhalali wake unapoanza. Watu wengi wanadhani shida iko mpakani. Samaki aliyevuliwa mahali palipokatazwa, au na mtu asiye na leseni, hawezi kuhalalishwa baadaye na muhuri wa forodha, hata ukilipa ushuru wote.

Umetaja Kunduchi, na hilo limenishtua kidogo. Mbele ya Kunduchi kuna visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo pamoja na Fungu Yasini, na vyote vinne ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975. Kwenye miamba hiyo hairuhusiwi kuvua chochote, wala samaki wa kula wala wa mapambo. Kwa bahati mbaya, ndiko hasa waliko vitatange na kangaja wazuri walio karibu na mji, kwa hiyo mvuvi anayekuahidi samaki hao bila kukuambia atawavua wapi, mwulize swali hilo kwanza. Akikwepa, achana naye.

Uvuvi wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009. Mvuvi anahitaji leseni, na anayetoa samaki hai nje ya nchi anahitaji leseni ya kusafirisha, pamoja na cheti cha afya kinachotolewa baada ya ukaguzi. Hizo zote zinapatikana kupitia wizara inayosimamia uvuvi. Zanzibar ina mamlaka yake ya uvuvi, kwa hiyo karatasi ya Bara haitoshi kwa samaki aliyevuliwa Unguja au Pemba. Njia ya uhakika kwa mtu binafsi ni kununua kwa msafirishaji mwenye leseni, ambaye karatasi hizo ni kazi yake ya kila siku, na kumtaka akuandikie jina la kitaalamu la kila samaki na mahali alipovuliwa.

Kenya mambo yanafanana. Uvuvi wa samaki wa mapambo upo na una leseni zake, lakini ndani ya mbuga za bahari kama Watamu, Malindi na Kisite hakuna kuvua kabisa.

Jambo moja zaidi. Mwambie binamu yako aulize samaki hao wanavuliwa kwa kitu gani. Mzamiaji mzuri hutumia vyavu viwili vidogo: mmoja anautandaza kando ya jiwe kama uzio, mwingine anaushika mkononi, kisha humswaga samaki taratibu. Kuna wanaovunja tumbawe kwa nondo ili kumtoa samaki aliyejificha ndani. Tumbawe hilo lilichukua miaka mingi kukua, na siku hiyo hiyo zaidi ya samaki mmoja hupoteza makazi. Mimi nimezaliwa pwani hii na jambo hilo linaniuma, kwa hiyo nakuomba usinunue samaki wa namna hiyo hata kama karatasi zake zimekamilika.

Wakala wa Kasumbalesa anajibu:

Ninafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, kwa hiyo nitajibu upande wa Kongo.

Hakuna sheria ninayoijua inayomkataza raia kufuga samaki wa baharini nyumbani kwa sababu tu ametoka baharini. Kinachoangaliwa ni aina ya samaki na namna alivyoingia nchini. Aina kwanza. Kongo ni mwanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1976, na mamlaka ya mkataba huo hapa kwetu ni ICCN, taasisi ya taifa ya kuhifadhi wanyama na mazingira. Kangaja na vitatange wa pwani ya Tanzania hawamo katika orodha zake. Farasi wa baharini wote, bila kubagua aina, wamo katika Kiambatisho cha Pili tangu mwaka 2004; maana yake hawezi kuvuka mpaka bila kibali cha CITES kilichotolewa na nchi anakotoka. Makombe makubwa ya baharini, yale yanayofunguka kama kinywa, nayo yamo humo. Orodha hupitiwa upya katika kila mkutano mkuu wa nchi wanachama, kwa hiyo thibitisha kwanza, usitegemee nilichokuandikia leo.

Sasa nakuomba uangalie mawe uliyoyataja, maana wengi hunaswa hapo. Yale mawe ya baharini yenye vijidudu hai ni mifupa ya matumbawe, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili. Mtu anaweza kuwa na karatasi safi za samaki, kisha akazuiliwa kwa ajili ya jiwe alilookota akidhani ni jiwe tu. Binamu yako asibebe hata moja.

Kuhusu kuingia: mnyama hai anakaguliwa na huduma ya karantini ya wanyama na mimea, bidhaa inapimwa na OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, na ushuru unalipwa DGDA, yaani forodha yetu. Tafuta kibali cha kuingiza kabla ya safari, si baada ya kufika. Kwamba Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakuondoi ukaguzi wa afya ya wanyama, ingawa nimesikia madereva wakidai hivyo. Tena lori likitoka Tunduma linaingia Zambia kabla halijafika kwetu, na Zambia ina haki ya kudai karatasi za mnyama anayepita katika ardhi yake. Bidoni nyuma ya kiti ni magendo katika mipaka miwili, na atakayeulizwa kwanza ni binamu yako, ambaye kazi yake inategemea leseni ya udereva na jina zuri kwa watu wa duane (forodha).

Hata tukiweka sheria kando, safari hiyo itawaua. Foleni ya malori hapa huweza kuchukua siku kadhaa. Wasafirishaji wa kweli hutumia ndege: kila samaki katika mfuko wake wa plastiki, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi la povu linalozuia joto, naye hakulishwa kwa siku moja au mbili ili asichafue maji.

Mukalay wa Katuba:

Nashukuru sana, Bi Mwanapwani na ndugu Wakala. Habari ya mawe sikuijua kabisa, na ya Mbudya pia. Bidoni nimeifuta, nimekwisha mpigia binamu simu.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kongo ina bahari yake Muanda. Je, siwezi kupata samaki wa huko bila kuvuka mpaka wowote? Na je, nikifuata njia halali ya ndege, samaki hao wataishi kweli katika mji wetu?

Yaya Kapinga, Lubumbashi, anajibu:

Papa Mukalay, mimi ninafuga samaki wa maji ya chumvi hapa hapa mjini, kwa hiyo swali lako la pili ni langu.

La Muanda kwanza, kwa kifupi. Pwani yetu ni fupi, haifiki kilomita 50, na sehemu yake kubwa iko ndani au kando ya Parc Marin des Mangroves, hifadhi ya mikoko ya pwani, iliyoanzishwa mwaka 1992 na kulindwa na ICCN. Mto Kongo unamwaga maji yake matamu na tope hapo hapo, kwa hiyo hakuna miamba ya matumbawe wala samaki wa rangi unaowafikiria. Utakwepa duane, lakini hutapata unachokitafuta.

Sasa maji. Lubumbashi ni mji wa shaba, na shaba ndiyo jambo la kwanza la kuogopa. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Sisi wafugaji tunapomtibu samaki mwenye vidoa vyeupe tunatumia shaba kiasi cha miligramu 0.2 kwa lita, yaani sehemu ya kumi ya kiwango hicho, na hata kwa dozi hiyo kamba, konokono na anemoni hufa. Kwa hiyo maji unayowanywesha watoto bila hofu yanaweza kuua nusu ya viumbe wa tangini. Usichanganye chumvi na maji ya bomba wala ya kisima. Tumia maji yaliyopita katika mtambo wa osmosisi, unaoyachuja kwa utando mwembamba, kisha uyapime shaba hata hivyo. Chumvi iwe ile ya akwaria, takribani gramu 35 kwa lita. Chumvi ya jikoni haifai.

Jambo la pili ni hewa. Tuko mita 1,200 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi hapa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko Dar es Salaam. Maji ya chumvi nayo hubeba pungufu kuliko maji ya Tanganyika uliyoyazoea. Ukiunganisha hayo mawili utaelewa kwa nini tangi linalokwenda vizuri mchana huanza kuua samaki umeme unapokatika usiku: uso wa maji hautikiswi, na wote wanapumua kwa haraka juu kabisa. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri kabla ya kununua samaki wa kwanza. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inapoingia ndani ya nyumba, utahitaji hita pia, maana samaki hao wanataka nyuzi 24 hadi 27 muda wote.

Tangi jipya likae na maji ya chumvi bila samaki kwa wiki nne hadi sita, hadi bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wawe wamejengeka na kipimo cha amonia na cha nitriti vyote visome sifuri. Samaki akifika kutoka safari ndefu, usimfanyie kama tunavyowafanyia wale wa ziwani, kumwongezea maji kidogo kidogo ndani ya mfuko kwa saa nzima. Mfuko ukifunguliwa, hewa chafu aliyoitoa inapotea, asidi ya maji inapungua, na amonia iliyokuwa imetulia inageuka sumu kali papo hapo. Linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha umtoe upesi na kumweka peke yake katika tangi la karantini lenye chumvi ya kiwango kile kile cha mfuko.

Nami nisikufiche ninachokifikiri juu ya samaki uliowachagua. Kangaja anaogelea kutwa nzima, na aina nyingi zake hupita sentimita 20. Lita 300 ni ndogo kwake. Vitatange wengi hula polipu, yaani vijinyama hai vya matumbawe, na hufa kwa njaa mbele ya chakula kingine chochote. Farasi wa baharini huhitaji chakula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku na tangi lake mwenyewe, kwa hiyo mweleze binti yako kwa upole. Lakini wale wa chungwa wenye mistari mieupe ni habari nyingine. Wanazalishwa katika mashamba ya samaki tangu zamani, wanakula chembe za kawaida bila shida, hawahitaji anemoni ili waishi, na hawamo katika orodha ya CITES. Jozi moja katika lita 300 itakaa kwa nafasi kabisa. Hao ningewaagiza bila kusita, nikiwa na ankara inayoonyesha kwamba wamezaliwa shambani.

Wakala wa Kasumbalesa:

Naongeza dogo juu ya neno la Yaya Kapinga. Samaki wa shambani naye anahitaji cheti cha afya, kibali cha kuingiza na ukaguzi wa karantini kama yule wa baharini. Kinachopungua ni mashaka juu ya mahali alipovuliwa. Jina la kitaalamu liandikwe sawasawa katika karatasi zote, herufi kwa herufi, kwa maana tofauti ya jina kati ya ankara na cheti inatosha kuuzuia mzigo hadi samaki wafe. Na kila karatasi uitunze nyumbani kwa muda wote utakaokuwa na samaki hao, pamoja na stakabadhi ya ushuru.

Mukalay wa Katuba:

Nimeelewa. Nitaanza na mtambo wa osmosisi na pampu ya betri, na tangi litakaa tupu wiki zake zote. Yaya Kapinga, naomba uniambie unanunua wapi vipimo vya shaba hapa mjini, na kama vinasoma chini ya miligramu 0.1, kwa sababu nilivyoviona mimi vinaanzia juu ya hapo.