Moto dagoni wakati wa mvua: tunaukoka vipi kibiriti kikifa?

Mvuvi wa Kaskazini:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa waliowahi kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, au kulala porini.

Sisi ni vijana wa Micheweni. Maji yakiwa mazuri tunahamia visiwa vidogo vya upande wa magharibi wa Pemba, tunavua na kulala huko huko, tunarudi samaki wakitosha au unga ukiisha. Shida yetu kubwa si chombo wala nyavu, ni moto. Kibiriti cha gesi kikishaingia maji ya bahari unazungusha gurudumu mpaka dole gumba linauma, cheche hakuna. Cha njiti kikilowa, hata ukianike juani, vichwa vinamomonyoka ukivipitisha kwenye kisanduku. Na vuli ikianza, kuni zenyewe maji matupu. Mtu anatoka kuzamia anatetemeka, chai hakuna, uji hakuna, na usiku upepo unapiga banda.

Safari ijayo tutakwenda na wadogo zetu wa skuli, wako likizo, na mkubwa wao ni mimi. Sitaki walale na baridi na njaa kwa sababu ya njiti ya kibiriti.

Tulivyonavyo kwa kawaida: panga, tochi za betri kubwa, betri ya taa za kuvulia, petroli ya mashine, masufuria na stiliwaya yake. Kisiwani kuna mivinje, minazi kidogo, na mawe tele. Mnanishauri nini?

Kijana wa Darajani:

Chukua mawe mawili magumu ugonge mpaka yatoe cheche. Wazee wa zamani si ndivyo walivyofanya?

Mwalimu wa Skauti:

Kwa visiwa vyetu hilo halimfai, na afadhali alijue kabla hajachubuka vidole. Mawe ya huko ni matumbawe, yale yale yanayochomwa tanurini tukapata chokaa. Hayatoi cheche, hata ukiyagonga kwa mgongo wa panga. Cheche hutoka pale jiwe gumu sana, kama la gumegume, linapokwangua chembe za chuma, na chembe zile zikawaka hewani. Jiwe la namna hiyo maweni kwetu hulipati.

Ila kibiriti cha gesi kilicholowa usikitupe. Cheche yake inatoka kwenye kijiwe kidogo cha madini kilichokaa chini ya gurudumu. Kikung'ute, kipulize, kisha biringisha gurudumu juu ya nguo kavu, tena na tena, mpaka maji yatoke. Aghalabu hufufuka. Na hata gesi ikiwa imekwisha kabisa, cheche peke yake inatosha ukiwa na kitu cha kuipokea. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa: wanahangaika na cheche, kumbe hawajaiandalia pa kutua.

Kwetu hapa cha kwanza ni sufi. Chambua kidogo kwenye mto wa zamani, ifumue iwe nyepesi, toa mbegu, piga cheche juu yake. Inashika mara moja, lakini inawaka ghafla na kwisha ghafla, kwa hiyo vitu vingine viwe tayari karibu.

Cha pili ni kitambaa kilichobabuliwa. Chukua kanga kuukuu ya pamba tupu (yenye nailoni inayeyuka tu, haifai), ikate vipande, vitie ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, toboa tundu dogo kwa msumari, liweke kopo kwenye makaa. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, liepue, na usilifungue mpaka lipoe, maana likipata hewa likiwa moto vitambaa vyote vitakuwa jivu. Utakuta vipande vyeusi, laini. Cheche moja ikitua hapo inaenea taratibu bila kuwaka ndimi, na upepo hauizimi, unaichochea. Vifungeni kwenye chupa kavu mwende navyo.

Fundi wa Chake:

Kwa upande wa betri niseme mimi, ndiyo kazi yangu.

Stiliwaya nyembamba, ile inayoshika kutu, inawaka vizuri. Ile ya kung'aa isiyoshika kutu, yenye nyuzi pana zilizojikunja, usihangaike nayo. Ijaribu nyumbani kwanza. Panga betri mbili kubwa za tochi, kichwa cha moja kwenye kitako cha nyingine, vuta stiliwaya iwe ndefu na nyepesi, shika mwisho mmoja chini na mwingine uguse juu. Nyuzi zitawaka nyekundu na kutambaa. Iwe tayari imelala juu ya kitu kikavu, kwani haidumu.

Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara nayo inafaa, ila iwe ya bati kweli upande mmoja na karatasi upande wa pili. Kata ukanda, katikati uubane uwe mwembamba sana, ncha mbili uziguse kwenye ncha mbili za betri. Inashika moto pale penye wembamba. Shikilia kwa kitambaa, inaunguza.

Betri ya taa za kuvulia ina nguvu zaidi, kwa hiyo adabu zaidi. Usiguse stiliwaya juu ya betri yenyewe, hasa ikiwa imetoka kuchajiwa, maana inatoa gesi inayoripuka. Unga waya mbili ndefu, moto uuwashie mbali. Na betri ya simu msiiguse kabisa. Msiitoboe, msiikutanishe ncha zake.

Mashine Mbili:

Mbona mnamzungusha? Petroli anayo. Fungua plagi ya mashine, iache kwenye waya wake, weka tambara lenye petroli karibu, vuta kamba. Moto umepata.

Baharia Mstaafu:

Mwanangu Mashine Mbili, nakuomba usimfundishe mtu hivyo, na wewe uache. Petroli haisubiri ulimi wa moto ufike. Mvuke wake unatambaa chini usiuone, unashika kwa cheche na kurudi mpaka kwenye galoni. Tundu la plagi likiwa wazi, mashine nayo inatema mvuke wake ukivuta kamba. Ukifanya hayo chomboni unaunguza watu na chombo pamoja, na kutoka kisiwani mpaka hospitali ni safari ndefu. Kama mtu lazima achukue mafuta, achukue ya taa, kidogo, kwenye chupa yake, ayamimine kwenye kuni kabla ya moto, asiyamimine juu ya moto hata siku moja.

Sasa wewe mwenye swali. Wenzangu wamekupa cheche, mimi nataka nikupe cha kuipokea, na chote kiko kwenye mnazi.

Mkifika kisiwani, kabla hamjatandika jamvi, kabla mvua haijashuka, mtu mmoja kazi yake iwe hii. Atafute vilifu, vile vitambaa vya nyuzi vinavyoshikilia makuti kwenye shina. Vya juu vimefunikwa na makuti, havilowi upesi. Atafute karara kavu, yale maganda magumu yanayofunika ua la mnazi, na makumbi. Kumbi lililolala chini wakati wa mvua waache, linakunywa maji na halitoi kitu ila moshi. Linalofaa ni la nazi iliyokauka na kunasa juu kati ya makuti, au mliloleta kutoka nyumbani. Na kwa kuwa visiwa vingine havina minazi ya kutosha, na mingine ina wenyewe, bora mtoke na polo la makumbi makavu Pemba. Ni mepesi, hayalemei chombo.

Ukishapata kumbi, lichane kwa kidole, usilikate. Vuta nyuzi fungu kwa fungu, zisugue baina ya viganja kama unavyoosha nguo, na chini utandike jani au kitambaa. Utaona unga wa hudhurungi unadondoka. Unga huo usiumwage! Ndio unaoshika cheche na kukaa nayo. Nyuzi zikishalainika zizungushe ziwe kiota, katikati weka unga wake, na nje funika na kilifu kilichofumuliwa. Cheche, au kile kitambaa cheusi cha Mwalimu kikishashika, kiweke katikati, kifunge kiota kwa upole, kiinue juu ya uso wako upepo ukiwa mgongoni, upulize pumzi ndefu, nyembamba. Moshi utakuwa mwembamba mwanzo, kisha mzito, wa kijivu cha manjano, utakuuma macho. Usikate tamaa hapo, ndipo pale pale unapogeuka ulimi.

Chini uwe umeshapanga kitanda. Mchanga umelowa, kwa hiyo tandika makarara au vifuu, moto usigusane na maji. Juu yake chelewa, kisha vibanzi vya karara, kisha vifuu. Kifuu kikishika kinawaka kwa ukali na kukausha kuni zilizo juu yake. Mvinje unakuja mwisho. Tawi lililokufa likiwa bado limesimama ni bora kuliko lililoanguka, na likiwa limelowa ganda, lipasue kwa panga, ndani ni kavu.

Mafiga msiyachukue majini wala penye maji ya bamvua. Tumbawe lililonywa maji likipashwa moto hupasuka na kuruka vipande. Tafuteni mawe ya juu, yaliyokaa juani.

Mvuvi wa Kaskazini:

Shukran sana baba, na wote. Hii ya unga wa kumbi sikuwa naijua, sisi tulikuwa tunaukung'uta. Kuna anayejua kupekecha? Kwenye simu naona watu wanapata moto kwa kijiti na ubao, na wadogo zangu wanataka sana kujaribu.

Mwalimu wa Skauti:

Inawezekana, ila hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo msiitegemee kuwa ndiyo njia ya usiku wa mvua. Jaribuni nyumbani kiangazi.

Ubao na kijiti vyote viwe vya mti mwepesi, mkavu hasa, usio na utomvu. Jaribu kwa ukucha: ukiingia kidogo, unafaa. Toboa kishimo pembeni ya ubao, kisha kata pengo la pembetatu kutoka ukingoni mpaka katikati ya kishimo. Bila pengo hilo unga hauna pa kukusanyika, utapata moshi mpaka kesho na moto hupati. Watoto viganja vitawauma, wafanyie upinde wenye kamba: kamba inazungushwa mara moja kwenye kijiti, mkono mmoja unavuta upinde, mwingine unashikilia juu kwa kipande cha kifuu kinene kilichopakwa sabuni. Mwanzo polepole, kisha kasi. Unga ukiwa wa kahawia bado. Ukiwa mweusi na ukaendelea kufuka wenyewe hata mkisimama, hapo pana kaa. Liachieni litulie kidogo, ndipo mlihamishie kwenye kiota cha Baharia.

Mama Mikarafuu:

Wanangu, mnasahau kuwa kukoka ni mara moja, kutunza ndiyo kila siku. Sisi tulikuwa tukienda kupalia moto kwa jirani kwa kumbi moja tu, likishika kichwa linafuka njia nzima bila kuzimika. Na usiku tulikuwa tukifukia makaa ndani ya jivu, alfajiri unafukua, unatia makumbi, unapepea, moto huo. Wafundishe wadogo zako hivyo. Wakipeana zamu ya kulitunza jivu lisilowe, mtahitaji kibiriti mara moja safari nzima.

Jingine, pamba ya dukani ipakeni mafuta ya mgando, itieni kwenye kichupa. Kibonge kidogo kinawaka dakika kadhaa hata kukiwa na manyunyu. Na vibiriti vya njiti vichovyeni vichwa kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, vitieni kwenye chupa pamoja na ule ubavu wa kisanduku, kwa sababu vingi havishiki pengine ila pale.

Kojani Asilia:

Sisi hubeba vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Ukanda mwembamba unawaka hata mvuani. Moshi wake mbaya, sufuria iwekeni baadaye ukishaisha.

Mlinzi wa Ufukwe:

Naongeza moja kwa moyo safi. Kama ni Misali, ile ni hifadhi, waulizeni walinzi wapi panaruhusiwa kupika. Na popote kasa wanapotagia, moto uwe nyuma ya vichaka, msiukoke ufukweni usiku. Watoto wa kasa wakitoka mchangani hufuata mwanga wakidhani ni bahari. Mikoko msikate hata kama kuni zake zinasifika. Mkiondoka mwagieni maji ya bahari, korogeni, mwagieni tena. Kufukia kwa mchanga tu hakuzimi, kaa linakaa hai chini na mtoto akipita miguu mitupu anaungua.

Mvuvi wa Kaskazini:

Nimeyachukua yote. Swali la mwisho kwa Mama Mikarafuu na Baharia: je, naweza kuondoka nyumbani na kumbi linalofuka, nikalivusha mpaka kisiwani?

Baharia Mstaafu:

Kwenye ngalawa ya tanga, ndiyo, wazee walifanya. Kopo la bati, mchanga chini, kumbi juu yake, kifuniko kilichotobolewa, na likae upande upepo unakoelekea, mbali na tanga. Kwenye chombo chenu cha mashine, hapana. Mkienda, upepo wote unarudi nyuma, na nyuma ndiko petroli iliko. Bebeni sufi, kitambaa cheusi na polo la makumbi, moto muukoke mkishashuka.